Nta ya Nadhiri

Nyumba yao ilichomwa uji ukiwa bado jikoni. Matarishi wawili wa serikali walimruhusu Josepha atoe mkeka, majembe, kinu na picha ya Bikira Maria. Kisha mmoja wao akashika mwenge wa nyasi, akaupitisha chini ya paa polepole, kama mtu anayepaka chokaa. Ilikuwa Juni, paa lilikuwa kavu. Josepha, mwenye mimba ya miezi sita, alisimama kando ya makaburi matatu madogo nyuma ya nyumba, akasikia chungu chake kikipasuka ndani ya moto.

"Ni kwa faida yenu," alisema mwanangwa Sylvester, mkuu wa kijiji. Alikuwa amesimama juu ya kichuguu ili moshi usimfikie. "Bwana Mbung'o, Mzungu wa serikali, ameupima msitu huu. Una malale. Mkibaki hapa mtalala mpaka mfe."

"Na hawa?" aliuliza Koleta, mama mkwe wa Josepha, akionyesha makaburi ya wajukuu zake.

"Hao wamekwisha lala, mama."

Tarishi mmoja akacheka.

Dionis, mume wa Josepha, hakuitazama nyumba wala makaburi. Alikuwa anatazama magharibi, msituni, ilikoning'inia mizinga yake ya nyuki. Watu wote wa kijiji chao cha Mwitila waliijua kwa alama yake: vidole vitatu na kisigino, mguu wa kwale. Alama ile ilianza kwa babu yake, mpagazi wa misafara, aliyeichoma kwa chuma cha moto kwenye mzigo wake ili asibadilishiwe njiani kwenda Bagamoyo. Baba yake akaihamishia kwenye mizinga. Dionis naye akaichonga ndani ya bakuli la mti alilomiminia nta, hata kila mkate wa nta ulipoganda na kutolewa ulikuwa na mguu wa kwale mgongoni. Warina asali wa nchi ile wanajua alama za wenzao kama wanavyojua sura zao. Mtu akiiba asali ataitwa mwizi, na baada ya mvua mbili watu watasahau. Mtu akikwangua alama ya mwenzake, watu hawali tena nyumbani kwake.

Katika kibanda cha warina asali, ndani kabisa ya msitu, kulikuwa na mikate ya nta ambayo Dionis hakuiuza. Ile ilikuwa ya Mungu. Siku walipomzika mtoto wa tatu, yeye na Josepha walipiga magoti kanisani wakaweka nadhiri: wa nne akiishi hadi Pasaka, nta yao itakuwa mshumaa mkubwa wa Pasaka.

"Nta yangu iko kibandani," Dionis alimwambia mwanangwa. "Niende niichukue kwanza."

"Leo ni kuhama. Nta utaiombea cheti."

Kambi mpya ilikuwa kando ya njia ya zamani ya misafara, mahali peupe palipofyekwa hadi mizizi. Nyumba zilipangwa mstari kama maharage. Hakuna aliyeruhusiwa kurudi msituni bila cheti, na vyeti vilikaa katika sanduku la bati chini ya kitanda cha Sylvester.

Dionis alimkuta barazani anamenya karanga.

"Mwangaluka, Mwanangwa."

"Mwangaluka, Dionis. Kaa. Cheti?"

"Cheti, Mwanangwa. Kwa ajili ya nta. Ni ya nadhiri."

"Nadhiri!" Sylvester alipuliza maganda kutoka kiganjani. "Jambo jema. Basi nami nishirikishe. Nusu yako, nusu yangu."

"Ya Mungu haina nusu, Mwanangwa."

"Haina nusu?" Sylvester alitupa karanga mdomoni. "Basi mwambie mwenyewe aje aombe cheti."

Mwezi wa Julai wapwa wa mwanangwa walitoka msituni na viriba vya asali begani. Walipita katikati ya kambi mchana, nyuki wachache bado wanawafuata. Hakuna aliyeuliza. Wengi walikuwa wanangoja vyeti.

Agosti, Dionis akaenda bila cheti. Alirudi siku ya pili, mikono imefungwa kwa kamba, katikati ya matarishi. Josepha aliwakimbilia na tumbo lake.

"Wameikwangua," Dionis alimwambia. Hakusema habari ya kamba. "Mizinga yote, kwa tezo. Mti mweupe pale palipokuwa na alama. Na kibandani hamna kitu. Hata bakuli wamelipasua."

Kesho yake alisimama mbele ya baraza, na aliyekalia kiti cha baraza alikuwa Sylvester.

"Uliingia msitu uliofungwa?"

"Niliingia. Nikakuta alama zangu zimekwa..."

"Nimekuuliza uliingia au hukuingia."

"Niliingia."

"Habari ya alama haimo katika shauri hili. Miezi sita." Kisha, kwa sauti ya chini, kama anayempa mtu ushauri wa kindugu, akasema, "Nusu ilikuwa nyingi sana, ndugu yangu?"

Walimpeleka gereza la Tabora kwa miguu, kwa njia ile ile aliyopita babu yake na mzigo. Josepha alisimama hadi vumbi likatua. Hakulia. Alirudi ndani, akawasha moto, na jioni ilipofika akapiga magoti na mama mkwe wake mbele ya picha ya Bikira, kama kila jioni. Baba Yetu ilikwenda vizuri hadi katikati. "Utusamehe makosa yetu," walisema wote wawili. Maneno yaliyofuata, ya kuwasamehe waliotukosea, Koleta aliyasema peke yake.

Alimtupia mkwewe jicho, akamalizia sala.

Septemba mtoto akazaliwa. Alikuwa msichana, mwenye sauti ya kuamsha kambi, na Raymundi, katekista wa misheni, akambatiza Tekla kwa maji ya kwenye kata asubuhi hiyo hiyo, maana watu walikuwa na hofu. Siku zikapita. Tekla akanyonya. Waliotangulia wote walikuwa wamekufa kabla kitovu hakijapona vizuri. Huyu kitovu kilipona, akacheka, akaota upele, upele ukapona. Mvua za Novemba zilikuja mapema na kwa upole. Wanawake wale wawili walilima peke yao, Josepha na mtoto mgongoni, Koleta na mgongo wake mbovu, na karanga zikashika ardhi mpya kana kwamba zilizaliwa hapo. Josepha alimshukuru Mungu kwa kila kimoja: mtoto, mvua, karanga. Alishukuru kwa moyo wote, na kila jioni alipofika kwenye maneno yale akafunga mdomo.

"Unakula Mwili wa Bwana na hayo kifuani?" Koleta alimuuliza hatimaye, wakipalilia.

"Siendi kupokea, mama. Nakaa nyuma. Hujaniona?"

"Nimekuona. Watu wote wamekuona. Na usiku nakusikia unamtaja Sylvester katika sala. Usimwombee mtu kifo mbele ya mtoto mchanga."

"Simwombei kifo." Josepha alipiga jembe. "Namwombea maisha marefu. Akifa upesi atalipa lini?"

Koleta alitaka kukasirika, lakini kicheko kilimponyoka, akajishika mgongo. Kisha akafanya ishara ya msalaba.

Februari Dionis akarudi. Josepha alimwona akija njiani, akakimbia na mtoto amemwinua juu kama mtu anayeonyesha mbuzi sokoni. "Anaishi! Tazama, anaishi!" Dionis alimpokea mtoto, akamtazama, akatabasamu. Kisha akakaa chini pale pale njiani na mtoto mapajani, kichwa kikaanguka kifuani. Josepha alidhani ni uchovu wa safari. Lakini jioni alisinzia na tonge mkononi. Kesho yake alisinzia amesimama. Dresa, mwuguzi wa kambi, alimpapasa shingoni, nyuma ya masikio, akayakuta matezi yamevimba.

"Alikaa porini siku ngapi?"

"Usiku mmoja. Agosti. Alifuata nta."

"Usiku mmoja unatosha," dresa alisema, akaandaa sindano.

Sylvester alikuja kumtazama mgonjwa. Alileta kuku. Alisimama juu ya mkeka aliolala Dionis, akatikisa kichwa, akasema kwa sauti ya kusikiwa na majirani:

"Sikuwaambia? Mnaona sasa? Serikali haikosei."

Josepha alimpa kiti na maji ya kunywa, maana ndiyo adabu. Mwanangwa alipoondoka, Josepha aliivunja kata aliyoinywea. Kuku alimpeleka kwa mjane wa jirani, akiwa hai.

Juma Kuu, Raymundi alimwita Josepha misheni. "Mwaka huu hatutaki mishumaa ya Ulaya, ghali. Tumepata nta ya hapa hapa, na hakuna mwanamke anayejua nta kuliko wewe. Mwanangwa ameitoa. Padri amemsifu sana."

Mikate ya nta ilikuwa katika gunia nyuma ya sakristia. Josepha alitia mkono, akatoa mmoja, akaugeuza. Akatoa wa pili. Wa tatu. Kila mmoja ulikuwa na mguu wa kwale mgongoni. Mizinga waliikwangua, nta hawakukumbuka kuigeuza.

Alikwenda kwa Padri na mkate mmoja ndani ya khanga, Tekla mgongoni. Padri alikuwa mzee wa Kizungu aliyekisema Kiswahili vizuri kuliko matarishi.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padri."

"Milele amina. Nta imeharibika?"

"Haijaharibika. Ni ya mume wangu. Hii hapa alama yake. Ni nta tuliyomwekea Mungu nadhiri kwa ajili ya mtoto huyu."

Padri aliupokea mkate, akaipapasa alama kwa kidole gumba.

"Mwanangwa ameitoa kwa moyo, Josepha."

"Ameitoa kwa mikono, Padri. Moyo sikuuona."

"Shauri la wizi ni la baraza."

"Baraza ni yeye."

Padri alitazama nje, ambako wanaume wa Sylvester walikuwa wakiezeka upya paa la shule ya misheni, bure. "Nadhiri yako imetimia hata hivyo," alisema. "Nta imefika altareni. Mungu anajua ni ya nani. Samehe, mwanangu, upokee Pasaka na wenzako." Alimrudishia mkate. "Na mshumaa uwe tayari kesho jioni."

Josepha aliyeyusha nta katika debe. Kila mkate alioutumbukiza ulielea, ukatoa jasho, na mguu wa kwale ukalegea kidole kwa kidole hadi ukapotea. Alining'iniza utambi, akaumwagia nta kwa upawa, safu juu ya safu, akaungoja upoe, akamwagia tena. Nta ilimrukia viganjani, ngozi ikafura malengelenge. Hakuacha. Ulipokuwa mnene kama mkono wa mwanamume aliuviringisha juu ya ubao hadi ukanyooka. Ulikuwa mshumaa mzuri kuliko wowote aliowahi kuuona, na jambo hilo lilimuuma. Kisha akapasha moto ncha ya msumari. Sehemu ya chini ya mshumaa, upande utakaowaelekea watu, akachora vidole vitatu na kisigino.

Jumamosi Kuu asubuhi, kama ibada ya mshumaa ilivyofanywa siku zile, kanisa lilijaa. Mshumaa ulisimama juu ya kinara kando ya altare. Sylvester alikaa benchi la mbele, kanzu nyeupe, wapwa zake kulia na kushoto. Josepha alikaa sakafuni mlangoni, Tekla mgongoni, Dionis amelala kwenye mkeka ubavuni pake, jua la mlango miguuni. Padri alichomeka punje tano za ubani kwenye mshumaa, akaimba kwa Kilatini. Raymundi aliwahi kuwaambia kwamba katika wimbo ule nyuki wanatajwa na kusifiwa. Moto ukawashwa.

Upande wa wanaume mtu mmoja alinyoosha shingo. Kisha mwenzake. Mrina asali mmoja mzee akasema, si kwa kunong'ona, "Mguu wa kwale." Wapwa wa Sylvester waliinamisha vichwa. Mnong'ono ulitembea benchi kwa benchi hadi mbele, na Josepha, kwa mara ya kwanza tangu Juni, alihisi njaa. Aliiona shingo ya Sylvester ikikaza juu ya kanzu.

Sylvester hakugeuka. Alimwita Raymundi kwa kidole, akamwambia neno sikioni. Ibada ilipokwisha, Raymundi akaenda kwenye kinara, akatoa kisu cha mfukoni, akapiga goti kwanza. Akaikwangua alama. Vipande vya nta vilianguka sakafuni, akavikusanya kwa kiganja, akavitia mfukoni. Mahali pale pakabaki papana, peupe. Padri alikuwa anapanga vitabu. Watu walitazama magoti yao.

"Tusali," alisema Raymundi. "Baba Yetu."

Walianza wote, kwa desturi. Sauti ya Sylvester ilikuwa mbele, nzito, imetulia. "Utusamehe makosa yetu," ikasema, na kanisa likafuata. Josepha alifunga mdomo. Wanaume wachache upande wa pili nao walifunga. Alikisikia kimya chao, akainua kichwa.

Ubavuni pake Dionis akasema, amefumba macho, kwa sauti yake ya zamani iliyo wazi: "kama tunavyowasa..."

Josepha alimziba mdomo kwa kiganja. Malengelenge yalipasuka. Chini ya kiganja chake midomo ya mumewe iliendelea kwenda, neno kwa neno, naye akaendelea kuikandamiza, huku mbele kule sauti ya Sylvester ikimalizia sala na mshumaa ukiwaka.