Uzi Juu ya Tangi la Samaki

Ndevu alipokufa, bibi hakulia mbele ya mtu. Alimtoa kwenye maji kwa kichujio cha chai, akamfukia ndani ya chungu cha maua barazani, kisha akarudi ndani kumwangalia vizuri mkwe wake.

Ndevu alikuwa kambare mdogo wa mapambo, wa wale wanaoishi chini kabisa mwa tangi wakifukua mchanga kwa masharubu. Mume wa bibi aliwafuga watatu, pamoja na samaki wekundu wanaoogelea juu. Alipofariki, bibi alihamia kwa mwanawe na huyo mkwe, na tangi likawekwa sebuleni kando ya cherehani yake. Ndicho kitu pekee cha mumewe kilichokuwa bado kinapumua. Sasa kambare wamebaki wawili, na matumbo yao yamebonyea.

Na chakula anawapa. Kila asubuhi hunyunyiza chenga juu ya maji, vilevile alivyomwona marehemu akifanya, na wale wekundu huja mbio kugombania. Wa chini watakula yatakayobaki. Marehemu mwenyewe alikuwa akiwaita wafagizi. Sasa kiumbe analishwa kila siku na bado anakonda, si lazima kuna mkono wa mtu hapo?

Mkono huo bibi alidhani ameshauona. Jioni moja alimkuta mkwe wake amesimama mbele ya tangi, mkono wa gauni umelowa hadi kwenye kiwiko. Mkwe alikuwa mwokaji mikate, mtu wa maneno machache, anayetoka alfajiri na kurudi ananukia unga. Alipoulizwa, alisema alikuwa anafuta kioo. Kitambaa cha kufutia hakikuonekana.

Bibi alikuwa ameshona nguo za watu maisha yake yote, na mshonaji ana njia zake. Alikata kipande cha uzi mwekundu, akakipiga fundo ncha moja, akakilaza juu ya mfuniko wa tangi, fundo likitazama dirishani. Mtu akifungua, uzi utaanguka.

Asubuhi uzi ulikuwa juu ya mfuniko, umelala vizuri kabisa. Ila fundo lilikuwa linatazama mlangoni.

Kufungua tangi ni jambo moja. Lakini mtu anayefungua kisha akarudisha na uzi, huyo ana la kuficha. Alipomdokezea mwanawe, kijana alicheka, akamwambia mama yake ameanza upelelezi ukubwani. Bibi akajiambia kwamba huyu naye ameshawekwa mfukoni.

Akaanza kuangalia kila kitu. Uma mmoja ulipotea kwenye droo ya jikoni. Mkwe akawa anamwuliza kama amelala vizuri, anamletea chai pale pale kwenye cherehani, anamsogezea taa. Na kila wema ulipokuja, bibi aliugeuza upande wa ndani kutafuta mshono uliofichwa.

Kisha asubuhi moja, nyuma ya gogo ndani ya tangi, akaona kitu cheupe cheupe. Alikivua. Kilikuwa kipande cha tango, kimechemshwa kikawa laini, kimemung'unywa katikati. Kwa hiyo wanatupiwa taka za jikoni! Akakitia kwenye mfuko wa plastiki, akachukua na kopo lake la chenga, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda moja kwa moja kwa muuza samaki wa mapambo.

"Hiki kinaua?" akamwuliza.

Muuzaji, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu, alikinusa, akakigeuzageuza, akauliza chakula chao cha kawaida ni kipi. Bibi akamwonyesha kopo. Muuzaji akajaza maji kwenye glasi, akadondosha chenga kidogo. Zikaelea. Wakasubiri. Zikaendelea kuelea.

"Mama, hao wa chini wangekuwa na ngazi, wangekula."

"Si ni wafagizi hao? Wanakula makombo."

"Hilo ni jina tu. Hata mfagizi hali vumbi." Akamrudishia mfuko. "Huyu aliyewawekea tango ndiye aliyewashikia roho."

Bibi hakumwamini papo hapo. Mwenye duka ana duka lake. Akadai kila chakula kijaribiwe kwenye glasi ile. Punje za kwanza zilielea. Za pili zilishuka polepole mno; wekundu wangezimaliza njiani. Vidonge vigumu vya kijani vilizama moja kwa moja, tii, vikatulia chini bila kumeguka. Bibi akavunja kimoja, akakinusa, akakubali. Muuzaji akamwelekeza avitie jioni taa ikishazimwa, wekundu wakiwa wamelala.

Taa. Bibi akasimama na kopo mkononi. Marehemu alikuwa akizima taa ya tangi kila jioni, kisha anabaki pale gizani kidogo, akisema anawaaga samaki wake. Bibi wakati huo alikuwa jikoni. Hakuwahi kwenda kutazama kuaga kwenyewe kukoje.

Jioni alimkuta mkwe jikoni anakata tango. Akaweka vidonge mezani.

"Uma wangu uko wapi, mwanangu?"

Mkwe aliweka kisu chini. Kisha akautoa kwenye mfuko wa aproni, ambao ulikuwa umechanika kwa meno ya uma huo. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba uma huzamisha tango lisielee, na yeye huutoa alfajiri kabla hajaenda kazini. Aliogopa kusema. Angewezaje kumwambia mama kwamba samaki wa baba wana njaa, na anayewalisha ni mama mwenyewe?

"Na uzi?"

"Niliuona siku ile ile, mama. Nilijua nategwa. Nikaona ukiukuta chini utakosa usingizi, nikawa naurudisha."

Bibi alivichukua tena vidonge mezani.

"Ulikuwa unaurudisha vibaya," alisema. "Fundo linatazama dirishani."

Akaenda sebuleni, akazima taa ya tangi, akampa mkwe kidonge.

"Tia wewe. Mimi bado wananishuku."

Kidonge kikazama. Nyuma ya gogo masharubu yakatokeza, yakapapasa mchanga, yakafika. Bibi akauokota uzi mwekundu ulioanguka mfuniko ulipofunguliwa, akarudi kwenye mwanga wa jikoni, akautunga kwenye sindano.

"Haya, nipe hiyo aproni," alisema.