Mungu wa Chumba cha Kufulia

"Huyu atakaa hapa mpaka lini?" padri aliuliza, kidole kimeelekea ukutani kama anayemfukuza mpangaji.

Aliyetakiwa kuhama alikuwa Mungu. Sista msimamizi wetu sisi wafuaji, aliyetoka Asia akaja kuzeekea kwenye mvuke wa nguo za hospitali, alimchora kwa rangi za mlango zilizobaki: mwanamke mnene, miguu peku, macho membamba kama ya sista mwenyewe, anakamua shuka. Ameshika ncha moja. Ncha ya pili inaning'inia, haina mtu.

Siku alipomaliza kumchora nilimtania. "Sista, Mungu wako ana usingizi."

"Amefua usiku kucha. Wewe ungekuwaje?"

Nikacheka, maana kucheka ndiyo kazi niliyosomea. Lakini shuka hukamuliwa na wawili, na kwenye zamu yangu nilikuwa peke yangu. Nikaanza kumsimulia yule mama wa ukutani mambo yangu, kwanza kwa mzaha, kisha mzaha ukaniishia. Nyumbani hapakuwa na wa kuambiwa. Mama yangu alifariki nikiwa bado nanyonya. Baba alinilea hadi darasa la sita, akabeba begi, akaniambia anakwenda dukani mara moja. Nadhani foleni ilikuwa ndefu.

"Mungu ni Baba, sista," padri alisema kwa upole. "Watu watachanganyikiwa."

"Kwetu tuliletewa mzungu mwenye ndevu, Padri. Tulichanganyikiwa miaka mingi, hakuna aliyetuuliza."

Padri akanigeukia. "Na wewe, mcheshi? Picha hii inakusaidia nini?"

Nilitafuta utani, nikaukosa.

"Nikisema 'Baba yetu', Padri, naona mgongo unatoka mlangoni. Huyu angalau amenitazama."

Padri aliangalia sakafu iliyolowa, akaondoka. Kesho yake fundi akaja na chokaa. Amri ilitoka kwa wakubwa wa padri, si kwake. Nikabaki naongea na ukuta mweupe, mpaka nikajionea haya.

Jumapili nilikaa benchi la nyuma, mdomo nimeufunga kama kawaida yangu, nikingoja sala ile ya 'Baba yetu' ipite. Padri akainua mikono, akafumbua kinywa, akasita kabla ya neno 'Baba'. Waumini walidhani kimemshika kikohozi. Kilikuwa kimya kidogo tu, cha kumtosha mtu mmoja.

Nikafumbua mdomo, nikaingia humo.