Mkuki Ulionyweshwa Maji

Mshamu wa Bungu alikuwa mhunzi, mwana wa mhunzi, na kiburi chake chote kilikaa kwenye maji. Wahunzi wengine, alisema, hufua chuma wakadhani kazi imekwisha. Yeye hakukubali kitu kitoke bandani mwake kabla hakijarudishwa motoni, kikawa chekundu, kikanyweshwa maji, yaani kikatoswa majini ili kikomae, kwa Bismillahi. Chuma kisichonyweshwa, marehemu baba yake alimfunza, ni mwanamume asiyepita jando: umbo analo, lakini siku ya siku hukimbia.

Mwanawe wa pekee, Maneno, alikata mikoko huko Delta, mto unapoingia baharini. Ni kazi ya matope, maji ya chumvi na mamba. Mwaka uliotangulia mkuki wake ulioliwa na kutu ulimkatikia mkononi mbele ya mamba, akaponea chupuchupu, na tangu siku hiyo mama yake, Sijaona, hakuujua usingizi. Kwa hiyo Ladha, mnunuzi wa boriti, alipompa Maneno kipande cha chuma cheupe kutoka motaboti yake iliyozama, nyumba nzima ilifurahi. Chuma kile kilikuwa kimelala chumvini masika mawili bila doa la kutu.

Kilikuwa kikaidi, lakini. Mshamu alikipa umbo la mkuki motoni, kisha mkaa ukamwishia, akamalizia kukifua kikiwa baridi. Kadiri alivyokigonga ndivyo kilivyogoma, hata mwishowe tupa ya kunolea ikawa inateleza juu yake isishike. Hapo mkuki ulikuwa tayari. Laiti angeuacha!

Moyo haukumpa. Ampe mwanawe mkuki usionyweshwa maji? Akasubiri mkaa mpya, akautia mkuki motoni hadi ukang'aa, akautosa majini. Alipogusa makali kwa tupa, tupa ikakiuma chuma kwa urahisi, na Mshamu akashtuka, kwa maana chuma kilichonyweshwa huikataa tupa. Lakini Maneno alikuwa tayari mlangoni, mzigo begani, wenzake wanamngoja barabarani. Mshamu akajiambia kuwa chuma cha Wazungu kina mambo yake, na kwamba baba yake hakuwa mwongo.

"Huu haushiki kutu, na nimeunywesha kwa mkono wangu," alimwambia. "Uamini, mwanangu."

Maneno akauamini.

Wenzake walirudi bila yeye. Walieleza kwa kupokezana, macho chini: mamba alimkamata mguu wakati wanapakia boriti, na Maneno hakupiga kelele wala hakujaribu kujinasua. Alimchoma kooni kwa nguvu zake zote, na mkuki ukajikunja. Mwili haukupatikana. Walichomletea baba yake ni ule mkuki, ncha imepinda kama kidole kinachomwita mtu.

Matanga yakaanuliwa, watu wakarudi mashambani. Siku moja Mshamu akauchukua mkuki kwa sababu hakuweza tena kuutazama ulivyopinda. Hakuwasha moto, moto ulikuwa umemchukiza. Aliulaza juu ya fuawe, akaugonga ukiwa baridi mpaka ukanyooka, kisha akaendelea kuugonga kwa uchungu tu, huku analia. Nyundo ikaanza kurudishwa. Akachukua tupa, akaipitisha. Ikateleza.

Akaketi chini. Kumbe chuma hiki kilikomazwa na nyundo peke yake, na moto wake na maji yake, vitu alivyojivunia maisha yake yote, ndivyo vilivyokilainisha. Tupa ilikuwa imemwambia mapema, mwanawe akiwa bado mlangoni.

Sijaona aliisikia nyundo, akaja akasimama kando yake.

"Umeunyoosha?"

"Nimeunyoosha."

"Na sasa ni mgumu?"

Angeweza kumficha. Alikuwa amechoka kuficha.

"Mgumu, mke wangu. Ulikuwa mgumu hivi hivi kabla sijaunywesha. Ungemtoboa yule mamba."

Sijaona akaushika mkuki, akagusa ncha kwa kidole gumba. Damu ikatoka. Akaurudisha juu ya fuawe polepole, akaenda kupika chakula cha watu wawili.