Kipisi Mlangoni

Kitindamimba wangu tunamwita Kipisi, maana kimo kilimpita kando. Alipotuambia amechaguliwa kuwa askari wa reli, kaka zake walicheka mpaka wakashika mbavu. "Wezi watamtia mfukoni," wakasema. Mimi moyo haukutulia.

Mwezi uliopita nilipanda treni anayoilinda, nikienda kumwona dada yangu. Kipisi alipita behewani kwetu, sare imenyooka kwa pasi, akiwaomba abiria waondoe mizigo njiani. Muuza magodoro mmoja, pande la mtu, hakutaka kusogeza robota lake alilolilaza toka kiti hadi kiti, juu ya njia.

"Afande, wewe si unapita chini yake tu?" akasema. Watu wakaangua kicheko.

Kipisi naye akacheka. "Mimi napita, mzee wangu. Ila wewe ukitaka kukimbia, utapitia wapi?"

Robota likasogezwa.

Hatukwenda mbali, moshi ukaanza kupenya sakafuni. Mtu akapiga yowe: "Moto!" Hapo kila mtu akawa na lake. Wakakanyagana kuelekea mlangoni. Muuza magodoro aliwahi mbele akaufungua mlango, upepo ukaingia kwa kishindo, na treni ilikuwa haijapunguza mwendo hata kidogo. Mbele nikaona vyuma vya daraja.

Sijui Kipisi alipenya wapi. Nilishtuka tu namwona kasimama pale mlangoni, mgongo nje, ameshika vyuma pande zote mbili.

"Haruki mtu!" akapaza sauti. "Treni inakwenda! Anayeruka hapa moshi hautamuua, yatamuua mawe!"

Akaachia mkono mmoja, akabonyeza redio begani. "Dereva, moshi behewa la tatu. Usisimame darajani. Vuka kwanza, ndipo usimame."

Pembeni, mama mmoja alikuwa ameshaanza kumpitisha mwanawe dirishani. Kipisi akamwona.

"Mzee wa magodoro! Mpokee mtoto huyo. Una mikono mipana, umshike mpaka tushuke."

Lile jitu likasita kama lililomwagiwa maji. Kisha likageuka, likamchukua mtoto, likamkumbatia kifuani.

Mimi sikuweza kujizuia. "Mwanangu, utaanguka! Toka hapo!"

"Mama, kaa chini!"

Tangu nimzae hajawahi kuniamuru. Nikakaa. Aliyekuwa nyuma yangu akakaa, na mwingine, na mwingine, mpaka njia ikaonekana.

Tulivuka daraja tukisikia magurudumu tu. Treni iliposimama, Kipisi aliruka chini, akatushusha mmoja mmoja, wazee na wenye watoto wakitangulia. Halafu akarudi ndani na mtungi wa kuzimia moto, akakagua hadi chini ya viti. Fundi alikuta breki imeng'ang'ania gurudumu, grisi ndiyo iliyokuwa ikiungua. Hakuna aliyepata hata mchubuko. Yule mtoto alikuwa amelala fofofo kwenye kifua cha muuza magodoro, na mama yake anacheka huku analia.

Tukiwa tumekaa majanini, muuza magodoro alijifuta jasho akauliza, "Hivi askari huyu ni mtoto wa nani?"

"Ni wangu," nikasema.

Nikarudia kwa sauti ya juu zaidi, maana injini ilikuwa inanguruma, na nilitaka hata wa behewa la kwanza wanisikie.