Kava la Mashine

Fundi wa mashuka wa hospitali aliangusha tena sindano, akapiga magoti kuipapasa sakafuni. Jicho la kulia lilishakwenda na maji. La kushoto lilikuwa na wingu katikati, na kila alipotafuta tundu la sindano, wingu lilimtangulia.

Daktari wa macho alimwambia kisukari kimefika nyuma ya jicho, ila hawezi kujua pa kutibu bila ile mashine mpya. Ilipiga picha ndani ya jicho kwa mwanga wa rangi moja baada ya nyingine, na kila rangi ilifichua chake: hapa damu inavuja, pale hewa haifiki. Mashine ilikuwa hapo hapo, ng'ambo ya ukuta wa chumba chake. Yeye mwenyewe ndiye aliyeishonea kava, isiingie vumbi mpaka mheshimiwa apate nafasi ya kuja kuizindua.

Akapigwa danadana. Leo mheshimiwa yuko safarini, kesho utepe haujaletwa. Mganga mkuu akipishana naye koridoni alijitia hamnazo.

Siku ya uzinduzi ndipo walipomwita. Walihitaji jicho bovu la maonyesho, na bovu walikuwa nalo nyumbani. Wakamwegemeza kidevu kwenye kibao, wakammulika kijani, njano, nyekundu. Picha ilipojaa kwenye skrini watu walipiga makofi. Mheshimiwa akauliza lile doa jeusi ni nini.

"Damu, mheshimiwa," daktari alisema, macho chini. "Imetanda. Tungeiona mapema tungeizuia."

"Mnaona sasa faida ya mashine," mheshimiwa alisema, na makofi yakarudi.

"Mimi nilikuwa hapo nyuma ya ukuta," fundi alisema. "Muda wote huo."

Mganga mkuu alimbana bega. "Mama, tabasamu. Kamera iko huku."

Akatabasamia dirisha.

Asubuhi alikwenda kuulizia matibabu. Mganga mkuu akamjibu kwamba mtaalamu wa kuiendesha alikuja na mheshimiwa, na ameondoka naye. Kisha akamtupia kitu mapajani. Lilikuwa kava, limechanika kutoka juu hadi chini walipolivuta mbele ya wapiga picha.

"Lishone leo hii, mama. Mashine ya watu isije ikaharibika."

Alitafuta mpasuko kwa vidole, akalamba uzi, akauelekeza kwenye sindano. Akakosa. Akalamba tena.