Kiti Kifupi cha Wexcombe

Hester Lyddington alikuwa ameichoka nyumba. Jumba zima la Wexcombe lilikuwa likivuja, na tangu mama yake aanze kuugua ni yeye pekee aliyebaki kumwaga ndoo za maji ya mvua na kufuta vumbi kwenye makabati ambayo babu wa babu yake aliyanunua kwa majivuno. Sasa mama kazikwa, jumba limeuzwa, na samani zinakwenda mnadani. Ziende tu, hakuwa na machozi ya kulilia mbao. Alichotaka ni kitu kimoja, kile kiti kifupi kilichopauka kitambaa, alichokalia kando ya kitanda cha mama miaka yote ile.

Ambrose, mdogo wake, alitoka London kuja kuamua kipi kibaki na kipi kiuzwe. Wakazunguka vyumbani na vikombe vya chai mkononi. Walipofika kwenye kiti, akakigusa kwa ncha ya kiatu.

"Na hiki kikongwe, dada? Sidhani kama unakitaka."

"Mimi? Nitakiweka wapi kwenye kile kijumba changu?"

Ndivyo walivyolelewa. Katika familia ile, kutamka "nataka" mbele za watu ni sawa na kuvua nguo. Unakataa kwanza, mwenzako anakubembeleza. Unakataa tena, anabembeleza tena, ndipo unakubali huku ukinung'unika kwamba umesumbuliwa. Hester akasubiri kubembelezwa. Lakini Ambrose naye alikuwa hoi, kagombana na mkewe njia nzima. Akasema "Haya" tu, akasogea kwenye saa ya ukutani. Mficha uchi hazai.

Siku ya lori mvua ilinyesha tangu asubuhi. Kiti kilipita mbele ya Hester miguu juu. Kikasukumwa hadi ndani kabisa, kikazibwa na makabati na ile meza ndefu ya karamu. Mlango wa lori ulipofungwa ndipo alipoweza kusema.

"Kile kiti nilikitaka, Ambrose."

"Si nilikuuliza, dada?"

"Uliniuliza mara moja tu."

Ambrose akaona haya, maana alilelewa nyumba ileile. Akawakimbilia wapakiaji, akawaomba wakishushe. Mkubwa wao, aliyelowa chapachapa, akasema kiti kiko nyuma ya kila kitu, lakini bibi akitaka, watapakua lori lote. Wote wakamgeukia Hester.

Aliyaona mabega yao yalivyolegea. Uchovu aliujua kuliko mtu yeyote pale. Maneno yakamtoka kwa mazoea tu, kabla hajayazuia.

"Acheni, jamani. Si kitu."

Kisha akamtazama mdogo wake, akasubiri.

Ambrose akashusha pumzi, akambusu shavuni. "Una moyo mzuri sana, dada," akasema, na akampungia dereva mkono aondoke.