Mdudu wa Jade Siku ya Kuletwa Begi

Biubwa anakiri mwenyewe, tena bila kuapishwa: kosa lilikuwa lake. Siku ambayo wanawake wa Ndagoni, upande wa bwana harusi, wanaleta Baleni begi la nguo za bintiye, Zuena, yeye kabana mtandio kwa pini yenye mdudu.

Kwa Farzana, dukani Kilindoni, pini zilikuwa mbili, zote za jade, lile jiwe la kijani la Wachina, zimechongwa kama mapambo waliyokuwa wakining'iniza mikandani zamani. Farzana alimsifia kipepeo, ati ndiye raha ya ndoa. Biubwa akamkataa, kipepeo wa watoto huyo. Akachukua nyenje, yule apigaye kelele minazini jua likichoma. Macho yamemtoka, mbawa kazikunja mgongoni.

"Huyu ndiye mtu mzima mwenzangu," alisema.

Sasa huku kwetu kanga ya mwanamke husomwa kabla salamu yake haijajibiwa. Seuze mdudu!

Begi likaja kichwani kwa shangazi, na vigelegele. Mwanasiti, mama wa bwana harusi, aliingia wa kwanza, akaganda. Vigelegele vikakatika.

"Mkwe, huyo nzi wa kifuani unamsema nani?"

"Si nzi, mkwe wangu! Nyenje huyu, wa kelele."

"Ahaa. Kumbe sisi tuna kelele."

Shangazi mmoja akavua kanga begani, akajifunga kiunoni.

"Jamani, ana maana nzuri! Anakaa chini ya ardhi miaka, halafu anatoka upya. Wachina walimpenda mpaka..." Hapo angenyamaza. Lakini Biubwa akipata elimu halali nayo ndani. "...mpaka maiti wakamwekea mdomoni, apate kufufuka!"

Pilau lilisikika likitokota uani.

"Astaghfirullahi," akasema Mwanasiti. "Tumeleta nguo za harusi, tunapokewa na habari za maiti."

Zuena, ambaye kwa mchumba wake Taufiki hasikii la mtu, alichungulia mlangoni. "Mama, ivue!"

Biubwa akaikwanyua pini mpaka mtandio ukachanika. Begi lilishageuka, lile lile kichwani kwa shangazi, linazifuata bodaboda barabarani.

Akatoka mbio, peku.

"Mkwe! Mama Taufiki! Nimeitupa, nitazameni kifua kitupu! Rudini mle basi... Haya, kama hamrudi, begi liacheni!"